Mashine Isijifanye Fidla

Mwaka juzi rafiki yangu alinipa kazi ya kutunga muziki wa filamu yake fupi. Ilikuwa ya dakika 12, kuhusu soja wa usiku anayelinda ghorofa ambayo mwenyewe aliishiwa na pesa kabla ya kuweka madirisha. Bajeti ya muziki ilikuwa shilingi 8,000. Nilikuwa nimeshaacha chuo, sina kazi ya maana, nina laptopu na muda mwingi. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Nilitaka muziki mkubwa. Ule wa Hollywood, wa kumwinua mtu kwenye kiti. Kwa hivyo nikapakua fidla. Usicheke, hivi ndivyo mambo yanavyofanyika siku hizi: kuna programu zenye sauti za wachezaji fidla waliorekodiwa noti moja moja, kwa nguvu na kwa upole, ndani ya ukumbi mzuri huko ng'ambo. Ukibonyeza kitufe unapata noti hiyo. Ukibonyeza vinne unapata kundi zima. Kejani kwangu, pale kati ya mtungi wa gesi na kitanda, nikawa na wanamuziki 60 ambao hawali na hawadai nauli.

Nikampa rafiki mwingine asikilize, dada anayefundisha watoto fidla wikendi. Alisikiliza dakika nne, macho amefumba. Kisha akavua hedifoni akaniuliza: “Buda, hawa watu wako wanapumua saa ngapi?”

Sikuwa na jibu. Mtu anayevuta upinde ana mkono wenye kikomo. Akifika mwisho lazima ageuze. Anayepuliza tarumbeta ana mapafu mawili tu. Sisi wasikilizaji huenda hatujui majina ya mambo hayo, lakini mwili unajua. Fidla zangu zilishikilia noti moja sekunde 40 bila kutetemeka, kama taa ya dukani. Zilikuwa zinadanganya, tena zinadanganya vibaya.

Tangu siku hiyo nikitazama filamu natafuta kitu kimoja: mahali mashine inapokutana na okestra. Kazi hiyo si ngumu, maana filamu kubwa nyingi za siku hizi zimechanganya vitu hivi viwili. Na baada ya kusikiliza sana nimefikia msimamo huu. Mchanganyiko unafaulu pale mashine inapoachwa iwe mashine na mtu anaachwa awe mtu, nawe msikilizaji ukasikia mshono kati yao. Unakufa pale mmoja anapovaa nguo za mwenzake akitumaini hutamtambua.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1956 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Forbidden Planet. Muziki wake wote ulitengenezwa kwa saketi za umeme na mume na mke, Louis na Bebe Barron. Walikuwa wanazisukuma saketi hizo hadi nyingine zinaungua, na wao wanarekodi kilio chake. Lakini ukisoma majina mwanzoni mwa filamu, hutaona neno “muziki” kando ya majina yao. Wameandikiwa “toni za kielektroniki”, kwa sababu ya hofu ya kukosana na chama cha wanamuziki. Unaweza kuwacheka wanachama wale, lakini mimi siwezi. Mtu aliyesomea fidla tangu utotoni anaona sanduku la waya likikaribia mshahara wake, ungetaka afurahi? Mimi na wanamuziki wangu 60 wa kupakua ndio tulikuwa jinamizi lao.

Sasa tazama Blade Runner ya mwaka 1982, maana hapo kesi inageuka. Ni filamu kuhusu mashine zinazofanana na watu kiasi kwamba huwezi kuzitofautisha bila mtihani maalum. Vangelis, Mgiriki aliyetunga muziki wake, alitegemea sana sinthesaiza moja ya Yamaha inayoitwa CS-80. Sifa yake kubwa ni kwamba kila kitufe kinahisi kidole. Ukizidisha uzito baada ya kukibonyeza, noti hiyo peke yake inabadilika, inafunguka, inatetemeka. Ile sauti ya dhahabu inayopanda juu ya jiji mwanzoni mwa filamu ina ukubwa wa tarumbeta, lakini hakuna anayedhani ni tarumbeta. Ni umeme unaoguswa na mkono wa mtu, na mkono huo unasikika.

Kuna kisa cha pembeni ambacho mimi hukipenda. Filamu ilipotoka, rekodi ya Vangelis mwenyewe haikuuzwa. Watu waliisubiri hadi 1994. Badala yake mwaka huo wa 1982 ikatolewa sahani ambayo okestra ya Marekani, New American Orchestra, inapiga nyimbo zilezile. Wanamuziki wa kweli, wenye mapafu na mikono. Itafute usikilize. Melodi zote zipo, na bado ni kama supu ya jana. Kwa hivyo msinifikirie mhubiri wa vyombo vya mbao dhidi ya kompyuta. Okestra inayojifanya sinthesaiza inachosha sawasawa na sinthesaiza inayojifanya okestra.

Filamu iliyolielewa jambo hili vizuri, hata kama hadithi yake yenyewe ni ya kusinzia, ni Tron: Legacy ya mwaka 2010. Kijana anaingia ndani ya kompyuta kumtafuta babake. Muziki walipewa Daft Punk, wale Wafaransa wawili wa kofia za roboti, na kila mtu akangoja kudansi. Wao wakaenda London na okestra ya watu wapatao 85, wakishirikiana na mpangaji muziki Joseph Trapanese. Hawakuwa wa kwanza. Tron ya kwanza, ya 1982, Wendy Carlos alikuwa ameshachanganya sinthesaiza zake na London Philharmonic. Lakini Daft Punk walifanya kitu kijanja: waligawa kazi kinyume. Kwenye kipande kinachoitwa “Recognizer”, nyuzi ndizo zinazorudia mstari mmoja mfupi bila kuchoka, kama programu inayojizungusha. Kwenye “Adagio for TRON” nyuzi zinaanza kwa huzuni ya polepole, halafu umeme unaingia chini yake kama mapigo ya moyo. Mtu yuko ndani ya mashine, mashine iko ndani ya mtu. Hadithi ilishindwa kutuambia hivyo kwa saa mbili, muziki ukatuambia kwa dakika nne.

Hans Zimmer, ambaye wengi wetu ndiye mtunzi pekee wa filamu tunayemjua kwa jina, alianzia upande wa mashine. Ukiitazama ile video ya The Buggles ya 1979, iliyosema runinga imeua redio, utamwona kijana amevaa nyeusi kwenye kinanda. Ndiye huyo. Baada ya Inception ya 2010, ule mlio wake wa shaba nzito, ule unaotikisa viti kama lori likipiga honi ndani ya handaki, uliigwa na kila tangazo la filamu mpaka ukawa kichekesho. Lakini Interstellar ya 2014 ni kitu kingine. Huko aliweka katikati kinanda cha kanisa cha Temple Church, London, kikipigwa na Roger Sayer. Fikiria chaguo hilo. Kinanda cha kanisa ni mashine, tena mashine kubwa: maelfu ya mabomba, vali na vitufe. Lakini hakiwezi kutoa hata noti moja bila hewa. Katika filamu ambayo watu wako angani na pumzi ndiyo mali, chombo kikuu ni mashine inayopumua. Ukisikiliza kwa makini unaweza kusikia upepo ukiingia kwenye mabomba kabla ya sauti. Zile fidla zangu za sekunde 40 zilikosa kitu hicho hasa.

Sasa twende kwenye mashine ambayo sote tunaijua hata kama hatujui jina lake. Ukipanda matatu yenye spika nzuri, kile kitu kinachokupiga kifuani kabla hujakaa, kile kidundo kirefu kinachoshuka chini kama mtu anayeanguka ngazi polepole, asili yake ni sanduku la kampuni ya Kijapani ya Roland, TR-808, lililotoka 1980. Liliundwa kumsaidia mtunzi asiye na mpiga ngoma. Kazi yake ilikuwa kuiga. Na liliiga vibaya. Wakati huo kulikuwa na mashine nyingine ghali zilizotumia rekodi za ngoma za kweli. 808 ilitengeneza sauti zake kwa saketi tu, na ngoma yake haikufanana na ngoma yoyote duniani. Kufikia 1983 Roland walikuwa wameacha kuitengeneza. Zikashuka bei, zikaishia mikononi mwa vijana wasio na pesa, na vijana hao hawakusikia ngoma mbaya. Walisikia kitu kipya. Hip-hop ikajengwa juu yake, baadaye trap, na mpaka leo wasee wanaotengeneza midundo Umoja na Kayole wanaiita “eiti-o-eiti” kama jina la mjomba.

Nimeizungumzia sana kwa sababu ndiyo ufunguo wa filamu ninayotaka kukaa nayo, Black Panther ya 2018. Naijua hadithi: tulivaa vitenge, tukajaza kumbi, tukapiga picha, Lupita akiwa juu pale tukajiona nasi tuko. Katika kelele zote hizo, muziki wake tuliusikia bila kuusikiliza. Mtunzi ni Ludwig Göransson, Mswidi, aliyekutana na mwelekezi Ryan Coogler wakiwa wanafunzi California. Mwaka huohuo wa 2018 alikuwa mmoja wa watayarishaji wa “This Is America” ya Childish Gambino, kwa hivyo besi hakufundishwa na mtu. Kabla ya kuandika muziki wa filamu alienda Senegal, akafuatana na Baaba Maal kwenye ziara yake. Akaenda pia Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey, yule ambaye mwaka 1950 aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba “Chemirocha”.

Alirudi na vitu viwili ambavyo ndivyo vinavyobeba filamu. Cha kwanza ni tama, ngoma ndogo ya kwapani inayobanwa ili ipande na kushuka kama sauti ya mtu, iliyopigwa na Massamba Diop. Hiyo ni ya T'Challa. Inalitamka jina lake. Cha pili ni filimbi ya Wafula, iliyopigwa na Amadou Ba. Göransson alimweleza mhusika, naye Ba akaanza kupuliza huku akisema na kufoka ndani ya filimbi. Hiyo ikawa ya Killmonger.

Msikilize sasa Killmonger. Baba yake ni mwana wa mfalme wa Wakanda, yeye amelelewa Oakland, Marekani, bila baba, bila nyumbani. Filimbi ni ya mababu ambao hawakumlea. Chini yake inaingia 808, ambayo ni ya mtaa uliomlea. Kisha nyuzi za okestra zinaingia kama ufalme anaodai ni wake. Vitu hivyo vitatu havikuyeyushwa pamoja, na hapo ndipo ustadi ulipo. Filimbi ina pumzi, tena pumzi ya hasira, unasikia mate ndani yake. 808 haina pumzi kabisa. Iko baridi, inarudi kwa wakati uleule kila mara. Mwanamume huyo ni mshono huohuo uliokataa kufungwa. Kuna ile tukio anapokiendea kiti cha enzi baada ya kumshinda T'Challa, kamera ikianza ikiwa juu chini kisha inajigeuza taratibu. Ukiitazama bila sauti ni ujanja wa kamera tu. Ukiitazama na besi yake, unaelewa kwamba Marekani imeingia ikulu ikiwa imevaa damu ya ukoo. Hakuna mazungumzo yaliyosema hivyo. 808 ilisema.

Hapa ndipo somo la ile mashine lilipokomaa. Göransson angeweza kuchukua mdundo wa trap akaupigisha okestra kwa ngoma kubwa, upate heshima. Angeweza pia kuichukua filimbi akaipitisha kwenye kompyuta mpaka iwe moshi mtamu wa “Afrika”. Aliviacha vyote viwili na ukali wake. Mwaka 2019 akapewa Oscar, na kwa mara moja nilikubaliana na wale wazee.

Lakini nina lalamiko, na sitalimeza kwa sababu filamu ni ya kwetu. Sikiliza nyakati za ushindi. Tama inaita jina, inafungua mlango, halafu shaba za okestra zinaingia na kukaa kwenye kochi. Ukubwa, utukufu, ile hali ya kusimamisha nywele, bado inazungumzwa kwa lugha ya Ulaya, na ngoma inabaki mpiga mbiu wa karamu ya wengine. Killmonger, yule anayeitwa mbaya, amepewa mchanganyiko wa kweli. Mfalme amepewa okestra ya kawaida yenye pambo. Na Wakanda yenyewe, ambayo filamu hizi huiweka huku kwetu Afrika Mashariki, inasema Kixhosa na kupiga ngoma ya Senegal. Sisemi kila filamu ituombe ruhusa. Nakumbuka tu kwamba The Constant Gardener ya 2005, filamu ya Waingereza iliyopigwa hapahapa Kenya, ilitumia “Kothbiro” ya Ayub Ogada. Sauti moja, nyatiti moja, na ukumbi ukanyamaza. Hakuna shaba iliyotumwa kumsaidia.

Najua kuna mtu anasoma hii akisonya. Ataniambia: wewe unaongea kuhusu okestra za watu 85 London, na sisi hapa hatuna hata pesa ya kulipa mpiga gita mmoja. Zile fidla za kupakua ndizo ukombozi wetu. Bila hizo filamu zetu zitakuwa kimya. Hoja hiyo naiheshimu, maana ni yangu mwenyewe. Niliiishi. Ila angalia inatufikisha wapi. Tunatumia sauti za wachezaji wa ng'ambo waliokwisha lipwa zamani kutengeneza okestra bandia isiyomdanganya mtu, wakati Korogocho kuna watoto wa Ghetto Classics wanaojifunza fidla na tarumbeta, na wengine wao sasa ni watu wazima wanaotafuta shughuli. Kila mmoja wetu akipakua wanamuziki 60, hao wataitwa na nani? Hofu ya 1956 haikuwa ya Marekani pekee.

Na tukumbuke 808. Wale vijana waliookota mashine ya bei ya chini hawakuilazimisha ifanane na mpiga ngoma wa studio. Umaskini wao haukuwa sababu ya kuiga. Ulikuwa sababu ya kusikiliza walichokuwa nacho. Laptopu yangu ina sauti ambazo okestra ya London haiwezi kuzitoa hata ikilipwa mara mbili. Kosa langu lilikuwa kuiagiza iwe London.

Basi tulianza upya. Nilienda kwenye ile ghorofa usiku nikarekodi kilichokuwepo: mngurumo wa transfoma ya stima kando ya geti, jenereta ya jirani, redio ya soja ikiwa chini sana. Mngurumo wa transfoma nikaupunguza kasi mpaka ukawa besi. Huo ndio uliokuwa upande wa mashine, na haukujifanya kitu kingine. Kisha yule dada akaja na fidla yake, moja tu. Tulirekodi saa nane usiku, wakati matatu zimepungua, godoro likiwa limeegeshwa mlangoni. Alipiga mistari miwili, mara sita. Katika ile tuliyochagua unasikia anavuta pumzi kabla upinde haujagusa uzi. Mwelekezi alitaka niitoe, akasema ni uchafu. Tulibishana siku tatu. Nikashinda kwa sababu faili ilikuwa kwangu.

Filamu ilionyeshwa kwa watu kama 40 kwenye viti vya plastiki. Haikushinda tuzo yoyote. Baada ya taa kuwaka, mama mmoja aliuliza ni nani alikuwa akipumua pale mwanzoni. Yeye alidhani ni soja.

Zile 8,000 tuligawana nusu kwa nusu, mimi na yule dada. Fidla 60 bado ziko kwenye laptopu, zimekula nafasi kubwa ya diski. Sijazifuta. Kuna siku bajeti itakuwa sifuri na saa zitakuwa mbili, na ninajijua. Lakini wewe ukipata nafasi, kitafute tena kile kipande cha kiti cha enzi, na tafadhali usikitazame kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kuitoa 808. Utasikia filimbi peke yake, na utadhani ni hadithi ya mtu anayerudi nyumbani.